Usahihi wa kihistoria hauishii kwenye vifungo vya sare

Kwa wanaocheza michezo ya vita kwa sanamu ndogo za askari, usahihi wa kihistoria ni kadiri kilichoko mezani kinavyolingana na ushahidi wa vita vilivyopiganwa kweli. Maana ni hiyo tu. Kinachonikera ni namna sifa hiyo inavyobandikwa kwenye mchezo mzima kwa sababu tu sare zimepakwa rangi vizuri.

Kuna usahihi wa sura na kuna usahihi wa mwenendo. Unaweza kumpaka askari wa Napoleon kola, mkanda na kila kifungo kama ilivyopasa, kisha kanuni za mchezo zikamruhusu kumlenga adui aliye mita 300 kwa gobori ambalo hata kwa mita 100 lilikuwa la kubahatisha. Moshi haupo, na amri zinafika papo hapo. Hapo sare ni sahihi, vita si sahihi. Kinyume chake ni mchezo ambao Reisswitz, ofisa wa jeshi la Prussia (dola la Kijerumani la wakati huo), alichapisha kanuni zake mwaka 1824: askari walikuwa vibao vya rangi mbili juu ya ramani, na mwamuzi alimwambia kila kamanda yale tu ambayo vikosi vyake vingeweza kuyaona. Kifungo hakikuwepo hata kimoja, lakini maofisa walijifunzia ukamanda.

Tazama pia kazi ya William Siborne, ofisa wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1830 alikaa miezi kadhaa akiupima uwanja wa Waterloo, huko Ubelgiji, ambako Napoleon alishindwa na Waingereza na washirika wao pamoja na Waprusi, akawaandikia barua maofisa waliopigana pale, na mwaka 1838 mfano wake mkubwa wa uwanja huo, wenye maelfu kwa maelfu ya sanamu, ukaonyeshwa London. Ugomvi uliozuka haukuhusu sare. Ulihusu Waprusi: jioni ile ya tarehe 18 Juni 1815, kwenye saa moja hivi, walikuwa wamefika wapi, na kwa wingi gani? Wellington, jemadari aliyewaongoza Waingereza siku ile, hakuridhika na jibu la Siborne, kwani kadiri Waprusi walivyoonekana wengi ndivyo ushindi ulivyozidi kuwa wa pande zote mbili, si wake peke yake. Baadaye Siborne aliwapunguza.

Huo ndio ukosoaji wenye maana, maana unashika dai mahususi na kulidai ushahidi. Kumwumbua anayeanza kwa ajili ya buluu iliyokolea au kufifia kidogo si ukosoaji wa aina hiyo, tena askari halisi wakiwa vitani walivaa suruali zilizopauka na kutiwa viraka. Na anayejitetea kwa “ni mchezo tu” baada ya kuutangaza mchezo wake kuwa sahihi naye anakwepa swali aliloliita mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiseme tu kwamba mchezo ni sahihi kihistoria. Sema ni sahihi katika nini: mavazi, ardhi, mwendo wa vikosi, au yale ambayo kamanda aliweza kuyajua saa ile.