Nondo wa Asia: dhana potofu na ukweli

Dhana: Nondo mwenyewe hana madhara, mlaji ni kiwavi wake.

Kwa nondo wengi ni kweli, na ndiyo maana kosa hili haling'oki. Muulize mkulima wa machungwa wa Thailand kuhusu Eudocima phalonia. Mrija wa nondo huyu una ncha ngumu yenye miiba, na usiku hutoboa nao ganda la tunda. Asubuhi unaona tundu dogo kama la sindano. Kuvu na bakteria hupitia hapo, chungwa likaoza na kuanguka. Ukipekua majani ya mchungwa kutafuta viwavi utachoka bure. Wanakulia porini, kwenye mimea itambaayo ya familia ya Menispermaceae. Kupulizia dawa majani ya mchungwa ni kumwaga pesa, bora kuyafunga matunda kwa mifuko.

Vitabu vya zamani vinamwita Othreis fullonia, kwa hiyo anayesoma kwa jina moja tu anakosa nusu ya habari.

Jamaa zake wa jenasi ya Calyptra wamevuka mipaka kabisa. Mwaka 1968 mtafiti wa wadudu Hans Bänziger aliripoti kutoka Malaya (sehemu ya nchi ya Malaysia) kwamba Calyptra eustrigata hutoboa ngozi ya wanyama na kunyonya damu. Na wanaofanya hivyo ni madume, kinyume cha mbu!

Dhana: Wakifanana, ni spishi moja.

Spodoptera litura wa Asia na Spodoptera littoralis wa Afrika na Mediterania wamefanana mno kwa mabawa. Kwa miaka mingi wote wawili waliitwa litura, hadi miaka ya 1960 walipotenganishwa. Ili kuwatofautisha kwa uhakika hupasuliwa viungo vya uzazi chini ya hadubini, au hupimwa vinasaba. Ukikuta "litura" katika maandishi ya kale kuhusu pamba ya Afrika, jua huenda anayezungumziwa ni mwingine.

Dhana: Kiwavi anayemaliza majani ni adui.

Adui wa nani? Huko Assam, India, watu huwakatia viwavi wa Samia ricini majani ya mbarika kwa mikono yao wenyewe, wapate hariri ya eri. Majani hayohayo yakiliwa na Achaea janata, mkulima wa mbarika analia hasara.

Dhana: Bungua wa mahindi ni wetu tangu enzi.

Huku kwetu jina "bungua", yaani kiwavi wa nondo anayetoboa mashina ya mahindi, linabeba zaidi ya mdudu mmoja. Busseola fusca ni mwenyeji wa Afrika. Chilo partellus ni mgeni kutoka Asia, ingawa amekaa sana hata tumemsahau asili yake. Watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Nairobi, walimfuatia adui wake hukohuko alikotoka: nyigu mdogo Cotesia flavipes, aliyeletwa kutoka Pakistan na kuachiliwa pwani ya Kenya mwaka 1993. Nyigu huyu hutaga mayai ndani ya kiwavi, na watoto wake humla kiwavi huyo kwa ndani. Kwa Chilo kazi inakwenda vizuri. Akitaga ndani ya Busseola, mayai huzingirwa na chembe za kinga za kiwavi na kufa humohumo.