Kufanana na gemu si ubora wa filamu

Filamu ikitoka kwenye gemu, mashabiki huihukumu kwa swali moja: imefuata gemu au haikufuata? Wanadhani kufanana ndiko ubora. Sivyo.

Chukua filamu ya Doom ya 2005, iliyotokana na gemu ya kufyatua risasi. Kuelekea mwisho, kwa takribani dakika 5, kamera inageuka kuwa macho ya mhusika: bunduki iko mbele yetu, korido ni giza, mazimwi yanachomoza pembeni. Ni gemu tupu. Ila kwenye gemu kidole chako ndicho kinachofyatua, na ukizembea unakufa. Ukumbini umekaa tu, kama mtu anayemtazama rafiki yake akicheza huku yeye akinyimwa zamu. (Nani hajawahi kunyimwa?) Hofu yote inayeyuka.

Filamu ya Sonic the Hedgehog ya 2020 ni kisa kingine. Trela ya 2019 ilipozomewa, sura ya Sonic, mhusika mkuu, ilitengenezwa upya ikakaribia ile ya kwenye gemu, na hapo mashabiki walikuwa na haki. Lakini sura haibebi hadithi. Mimi nikihakiki, nauliza kwanza: mtu asiyewahi kushika padi ya kuchezea gemu ataelewa mhusika huyu anataka nini, na atamjali?