"Sikupandisha mimi" si kinga

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na kijana wa Sinza mwenye tovuti ya kupakulia nyimbo: "Wakili, mimi sikupandisha kitu, wamepandisha watumiaji. Tena chini nimeandika haki zote ni za msanii." Pembeni kaweka na herufi DMCA.

Hizo herufi ni za sheria ya Marekani ya 1998, na hata kwao kinga haiji kwa kuziandika. Lazima usajili wakala wa kupokea malalamiko. Na kuandika kwamba haki ni za msanii ni kukiri kuwa unajua wimbo si wako.

Kinga yetu imo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015. Haikulazimishi kukagua kila faili. Inamlinda anayehifadhi tu vitu vya wengine, mradi akiamriwa na mahakama au mamlaka aondoe mara moja. Akijua kwa njia nyingine, atoe taarifa kwa mamlaka. Hapo kwenye kujua ndipo watu wanaporuka, na ndipo panaponiudhi. Nilifungua tovuti ya yule kijana. Kila wimbo una jingo lake, ile sauti ya kuitangaza tovuti aliyoibandika yeye juu ya wimbo. Picha kakata yeye, vichwa kaandika yeye, "kumi kali za wiki" kachagua yeye. Msanii mmoja kamtumia ujumbe WhatsApp, kausoma, kanyamaza wiki tatu. Mdogo wangu, hapo hujui nini?

Ninaposita mimi ni pale orodha inapopangwa na programu yenyewe kwa idadi ya waliopakua. Je, huko bado ni kuhifadhi tu? Katika kesi ya Viacom, kampuni ya filamu na televisheni, dhidi ya YouTube, mahakama ya rufani ya Marekani ilisema mwaka 2012 kwamba kujua kijumla hakutoshi kukuondolea kinga, sharti ujue faili mahususi. Lakini anayefumba macho makusudi anaweza kuhesabiwa kuwa amejua. Mahakama zetu hazifungwi na hukumu hiyo. Mteja akiniuliza, simuahidi ushindi.

Yule kijana nimemwambia amjibu msanii leo, nyimbo zake aziondoe kwenye tovuti, na majingo ayaondoe kote.

"Jingo nalo lina ubaya gani, wakili?"

Umeuchezea wimbo wa mtu kwa mkono wako. Huo hakuupandisha mtumiaji.