Akili Kurejea Baada ya Nusukaputi kwa Watu Wenye Sindromu ya Down

Karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada) wana kasoro ya moyo, na wengi wao huhitaji upasuaji mapema, kama ule unaofanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Wengine hupasuliwa macho, utumbo au tonsili. Sisi wa idara ya usingizi huulizwa na familia: je, akili yake itarudi kama ilivyokuwa?

Kwa watoto, kwa kawaida hurudi. Mtoto anaweza kuamka akilia na kurusha mikono, lakini mara nyingi hali hiyo hupita upesi, na huwa rahisi zaidi akiuona uso anaoujua. Tunalohofia zaidi kwao ni pumzi. Wengi hukoroma na kukatika pumzi usingizini, na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini huweza kuongeza tatizo hilo. Mtoto aliyepungukiwa oksijeni huonekana amezubaa tu.

Kwa watu wazima suala ni zito zaidi. Jeni inayotengeneza protini ya amiloidi, ambayo hurundikana kwenye ubongo katika Alzheimer (ugonjwa unaofifisha kumbukumbu na akili), iko kwenye kromosomu ya 21, ambayo wao wanayo nakala tatu, na wafikapo miaka 40 karibu wote huwa na mabadiliko ya Alzheimer katika ubongo, hata kama nyumbani hakuna aliyeona dalili. Ubongo wa namna hiyo huyumba kwa urahisi baada ya upasuaji. Saa au siku chache baadaye mgonjwa huchanganyikiwa: mara yuko sawa, mara hajui alipo. Kuna pia kuchanganyikiwa kwa kimya, ambapo hulala tu, hataki chakula, hamtazami mtu. Huku ndiko hupita bila kuonekana, kwa sababu muuguzi asiyemfahamu hudhani ndivyo alivyo siku zote.

Vipimo vya kawaida, kama kuuliza tarehe au kuhesabu kurudi nyuma, havitusaidii sana hapa. Kinachosaidia ni video fupi ya simu iliyorekodiwa kabla ya upasuaji, ikimwonyesha akizungumza, akivaa viatu, akijimiminia chai. Akishindwa jambo alilolimudu juzi, tunajua pa kuanzia: maumivu asiyoweza kuyaeleza, kibofu kilichojaa, maambukizi, dawa za kutuliza kama diazepamu, au hata miwani na kifaa cha kusikia vilivyosahauliwa ndani ya mkoba.

Akili inaweza kuwa nzito kwa wiki kadhaa. Ikipita siku 30 bila nafuu, arudishwe apimwe, na nusukaputi isitwishwe lawama yote: upungufu wa homoni za thairoidi na sonona huonekana sana katika kundi hili, na vyote vina tiba. Pengine pia upasuaji umefichua Alzheimer iliyokuwa imeanza taratibu.

Jambo moja haliwezi kusubiri hata siku moja. Baadhi yao wana maungio legevu kati ya pingili mbili za juu za shingo, ambayo huweza kuteguka shingo inapokunjwa wakati wa kuwekewa mpira wa kupumulia. Mgonjwa anayeanza kupepesuka, kuishiwa nguvu miguuni au kujikojolea baada ya upasuaji huenda hana tatizo la akili, bali uti wake wa mgongo umebanwa. Shingo yake isitikiswe, na apelekwe hospitali mara moja.