Kwa nini tunakuuliza jina lako tena na tena kabla ya upasuaji

Mgonjwa anayekwenda kufanyiwa upasuaji huulizwa jina lake mapokezi, akaulizwa tena wodini, akaulizwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na akishalala mezani namuuliza mimi, daktari wa usingizi. Wengi huchoka. Wengine huingiwa na hofu: hawa hawanijui? Faili si wanalo? Malalamiko hayo ni ya haki na yanastahili jibu, kwa sababu ndani ya jibu hilo imo sehemu kubwa ya usalama wa mgonjwa hospitalini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kila kumi hupata madhara kutokana na huduma yenyewe ya afya, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuilika. Hapa hatuzungumzii ugonjwa uliomleta mtu hospitalini. Tunazungumzia dawa isiyo yake, maambukizi aliyoyapata wodini, damu iliyochelewa kuonekana, au kisu kilichopita mahali pasipostahili.

Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, timu ya upasuaji ilifungua fuvu la mgonjwa ili kuondoa damu iliyoganda kwenye ubongo. Saa zikapita, damu haikuonekana. Aliyekuwa mezani alikuwa mgonjwa mwingine, mwenye uvimbe ambao haukuhitaji kisu. Wawili hao walikuwa wamechanganywa. Wahudumu waliohusika walisimamishwa kazi na mkuu wa hospitali akapewa likizo ya lazima. Watu walikasirika, na walikuwa na kila sababu ya kukasirika.

Kwetu tulio katika fani hii kuna swali lililobaki baada ya hasira. Mgonjwa hupita mikononi mwa watu wangapi tangu atoke kitandani wodini hadi ngozi yake iguswe na kisu? Muuguzi wa wodi, msukuma kitanda, muuguzi wa mapokezi ya upasuaji, mtu wa usingizi, mpasuaji, msaidizi wake. Kosa la namna hii hutokea pale ambapo kila mmoja anaamini kuwa mwenzake ameshahakikisha. Ukimfukuza mmoja na utaratibu ukabaki ulivyokuwa, anayechukua nafasi yake ataingia katika mtego uleule.

Ndiyo maana tunauliza, na namna ya kuuliza nayo ina maana. Muuguzi aliyefundishwa vizuri hasemi, “Wewe ni Fatuma Juma?” Mgonjwa mwenye maumivu, mwenye homa, au aliyekuja kutoka kijijini na kuogopa koti jeupe, ataitikia “ndiyo” kwa jina lolote utakalomtajia. Zaidi ya hapo, katika wodi zetu Fatuma Juma wanaweza kuwa wawili siku hiyohiyo, au John Joseph watatu. Swali sahihi ni, “Jina lako kamili nani? Umezaliwa lini? Leo unafanyiwa nini, na upande gani?” Mgonjwa ajitaje mwenyewe, kisha sisi tulinganishe na kitambulisho cha mkononi na faili. Mtoto hutajiwa na mzazi. Aliyepoteza fahamu husemewa na kitambulisho chake, kwa hiyo ndugu, ukiona mgonjwa wako hana kitambulisho mkononi, au jina limekosewa hata herufi, mwite muuguzi papo hapo.

Naomba niseme jambo hapa ambalo watu hulichukulia kama suala la fedha tu. Kutumia kadi ya bima ya mtu mwingine, ya dada au ya shemeji, kunaweza kuua. Ukitibiwa kwa jina la dada yako, kundi lake la damu, shinikizo lake la damu na mzio wake wa penisilini vinakuwa vyako kwenye kumbukumbu, na vyako vinakuwa vyake. Atakapoletwa yeye hajitambui, daktari atasoma faili lililojaa habari zako. Najua gharama zinavyobana familia. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu msamaha wa gharama kabla ya kufikiria kuazima jina.

Maswali haya hayakutoka hewani. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, ukurasa mmoja wenye vipengele 19, iliyoandaliwa na timu ya wataalamu chini ya daktari mpasuaji Atul Gawande wa Boston. Ilijaribiwa katika hospitali nane za dunia: Toronto, Seattle, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland, na moja ya kwetu, Ifakara katika bonde la Kilombero, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalihusu wagonjwa wapatao 3,700 kabla ya orodha kuanza kutumika na wapatao 3,950 baada yake. Vifo vilishuka kutoka 15 hadi 8 katika kila wagonjwa 1,000. Madhara makubwa, kama maambukizi ya kidonda au kurudishwa mezani bila kutarajiwa, yalishuka kutoka 11 hadi 7 katika kila 100. Hawakuongezewa madaktari bingwa wala mashine za mabilioni. Walikubaliana kusimama mara tatu na kusemezana kwa sauti.

Mara ya kwanza ni kabla ya dawa ya usingizi: jina, upasuaji, mahali palipowekwa alama ya kalamu, ridhaa, mzio, hatari ya kutoka damu nyingi, na kama kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kinafanya kazi. Mara ya pili ni kabla ya kisu. Kila aliyemo chumbani hujitambulisha kwa jina na kazi yake, mgonjwa na upasuaji hutajwa upya, na tunaulizana kama antibayotiki ya kuzuia maambukizi imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita, kwa sababu ikitolewa wodini alfajiri na upasuaji ukaanza adhuhuri, kisu kinagusa ngozi wakati kinga imeshapungua. Mara ya tatu ni kabla ya mgonjwa kutoka: muuguzi anathibitisha kwa sauti kuwa gozi za kunyonyea damu, sindano na vyombo vimehesabiwa na hesabu imetimia. Ikipungua gozi moja, tunaitafuta hadi ionekane, hata kama mpasuaji amechoka na anataka kumalizia kushona.

Kujitambulisha ndiko kunakodharauliwa kuliko vyote. Watu huona ni mambo ya sherehe. Lakini muuguzi kijana aliyeshatamka jina lake mbele ya profesa huwa na nafasi kubwa zaidi ya kutamka neno la pili, nalo ni “samahani daktari, karatasi inasema mguu wa kushoto.” Katika desturi zetu mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu. Heshima hiyo naithamini nje ya chumba cha upasuaji. Ndani yake, mkubwa wa kweli ni yule anayewaambia wadogo zake mapema, “Ukiona kitu hakikai sawa, nisimamishe.” Hospitali ambayo wauguzi wake wanaogopa kuzungumza ni hospitali hatari, hata ikiwa na jengo jipya.

Karatasi peke yake haiokoi mtu. Jimbo la Ontario, Kanada, liliagiza hospitali zake zote zitumie orodha hii. Utafiti wa hospitali 101 uliochapishwa mwaka 2014 haukuona tofauti ya maana katika vifo wala madhara. Wataalamu wamejadiliana sana kuhusu sababu. Mimi naamini waliosema kuwa agizo lilifika haraka kuliko mafunzo: alama za vyema zikawekwa kwenye fomu, mazungumzo hayakufanyika. Nimeona fomu zilizojazwa zote kabla mgonjwa hajaingia, kwa mwandiko mmoja na kalamu moja. Mkaguzi wa nje anaridhika nazo, mgonjwa hapati chochote.

Sasa sehemu yako, ndugu mgonjwa, na hasa wewe unayemuuguza. Tukisema mgonjwa asile, tuna sababu. Dawa ya usingizi hulegeza mlango kati ya tumbo na koo na kuzima ile nguvu ya kukohoa. Uji ulioko tumboni hupanda, kisha huteremka kwenye mapafu, na hapo tunakuwa na mgonjwa anayepigania pumzi kwa sababu ya kikombe kimoja. Kwa kawaida chakula husimama saa 6 au zaidi kabla ya usingizi, maziwa ya mama kwa mtoto saa 4, na maji matupu saa 2. Fuata muda uliopewa na timu yako. Huruma ya bibi anayempenyezea mjukuu chai ya maziwa saa moja asubuhi naielewa kabisa, na ndiyo inayoniogopesha. Ikishatokea, tafadhali sema. Tutaahirisha, hatutagomba, na tukigomba bado ni afadhali kuliko kunyamaza.

Sema pia dawa zote unazotumia, zikiwamo za mitishamba, za kununua dukani na za kuongeza nguvu. Sema kama unavuta au unakunywa. Hatutamwambia mchungaji wala shehe. Sema kama kuna ndugu aliyepata tatizo kwenye usingizi. Toa meno ya bandia. Futa rangi ya kucha, na kama una piko nyeusi vidoleni utuonyeshe mapema, maana kifaa cha oksijeni husoma kwa mwanga unaopita kidoleni na rangi nyeusi huweza kukizuia; tutakihamishia sikioni.

Wodini kuna suala la mikono. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 kati ya 100 wanaolazwa hupata angalau ambukizo moja hospitalini. Katika nchi tajiri ni 7. Una haki ya kumuuliza mhudumu yeyote, mimi nikiwamo, “Daktari, umenawa?” Na sisi tunakuomba jambo moja gumu kwa watu wa malezi yetu: ukija kumjulia hali mgonjwa wako, usizunguke wodi nzima ukishika mikono ya kila aliyelala. Wasalimie kwa mdomo. Mkono uliotoka kwenye kidonda cha kitanda cha tatu ndio unaofika kwa mtoto wa kitanda cha saba.

Kwa kina mama, kinachoua kwa kasi ni damu baada ya kujifungua, na hapa Afrika Mashariki ina habari njema ya kujivunia. Kwa miaka mingi damu ilikadiriwa kwa macho, na macho hukosea, zaidi pale damu inaponywewa na khanga na mashuka. Utafiti uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2023 na kuhusisha akina mama zaidi ya 200,000, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo unaotandikwa chini ya mama. Damu ikifika kiwango cha hatari, hatua zote zinaanza pamoja: kukanda mji wa mimba, oksitosini (dawa ya kukaza mji wa mimba), asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda), dripu, na kutafuta chanzo cha damu. Waliotoka damu nyingi walitambuliwa 93 kati ya 100 kwa njia hiyo, wakati kwa njia ya zamani walitambuliwa 51. Waliofikia hali mbaya, yaani kupoteza lita moja au zaidi, kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufariki kwayo, walishuka kutoka 4.3 hadi 1.6 kwa kila 100. Kwa hiyo ukiwa umemsindikiza mwanao leba, usifue wala kutupa khanga zilizolowa kabla mkunga hajaziona.

Kosa likitokea, au likikaribia kutokea, liandikwe. Hospitali nyingi zina kitengo cha ubora na dawati la malalamiko. Tumia vyote viwili. Dawa iliyokuletea vipele, uvimbe wa uso au kizunguzungu kikali itolewe taarifa. Kwa Tanzania Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hupokea taarifa hizo, na Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Kwa wakuu wa hospitali ombi langu ni kwamba anayeripoti nusura yake mwenyewe, sindano iliyokaribia kwenda kwa mgonjwa asiyestahili, ashukuriwe hadharani. Akiadhibiwa huyo, hutasikia ya wengine tena, na yataendelea kutokea.

Siku ya ruhusa usikubali kuondoka na bahasha peke yake. Uliza: nimefanyiwa nini hasa, dawa hii ni ya nini na mwisho wake lini, kidonda kisafishwe wapi, nirudi lini, na nikiona nini nirudi usiku huohuo? Homa, usaha, kidonda kuachia, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kubanwa na pumzi au damu kuongezeka ni sababu za kurudi bila kusubiri kliniki. Na uliyechomwa sindano ya mgongo, ile ya ganzi ya upasuaji, ukipata maumivu makali ya kichwa siku chache baadaye, yanayozidi ukikaa na kupoa ukilala, usijifungie ndani ukimeza vidonge. Yana tiba. Rudi hospitali, na mtu wa kwanza utakayemkuta mwambie ulichomwa sindano ya mgongo na tarehe uliyochomwa.