Miguu isiyokubali kulala: tafuta kwanza kinachoichokoza

Ukikaa siku moja kwenye kliniki yetu ya mishipa ya fahamu utasikia miguu ikielezwa kwa namna ambazo hazimo vitabuni. Mmoja atasema sisimizi wanatembea ndani ya mfupa. Mwingine atasema ni kama soda inachemka kwenye vigimbi. Wa tatu atakosa neno, atainama na kuishika miguu kwa mikono miwili: "Daktari, si kwamba inaniuma, ila siwezi kuiacha itulie." Huyo wa tatu ndiye aliyesema vizuri kuliko wote.

Ugonjwa wa miguu isiyotulia tunautambua kwa maelezo ya mgonjwa. Hakuna picha wala kipimo cha damu kinachouthibitisha. Tunasikiliza mambo manne yanayokwenda pamoja: hamu ya kuichezesha miguu ambayo mtu hawezi kuizuia, hamu hiyo kuja akiwa ameketi au amelala, kupungua pale anapoinuka na kutembea, na kushamiri jioni na usiku. Ndiyo maana wengi huanza kuisikia wakati wa taarifa ya habari ya saa mbili, kisha wanazunguka uani saa saba huku nyumba nzima imelala. Alfajiri miguu inatulia, mtu anapata usingizi mtamu, na saa ya kwenda kazini ndiyo imefika.

Lazima tuutenge na mambo yanayofanana nao. Kubanwa na misuli kunaufanya msuli uwe mgumu kama jiwe, na maumivu yake ni makali. Miguu inayowaka moto kwa sababu ya kisukari kwa kawaida hainyamazi kwa kutembea, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili. Ganzi ya kukaa vibaya huisha ukibadilisha mkao. Kuna pia hali ya kutotulia mwili mzima, mchana na usiku, inayoletwa na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za kuzuia kutapika. Hiyo ina njia yake ya kutibiwa.

Wapo walioambiwa ni mawazo, na wapo walioambiwa wamerogwa. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliieleza hali hii katika karne ya 17, na mwaka 1945 Msweden Karl-Axel Ekbom akaiandika kwa kina. Mara nyingi hutembea katika ukoo: ukiuliza vizuri, utasikia bibi naye alikuwa halali bila kusuguliwa miguu. Wanawake huupata zaidi ya wanaume.

Sasa niende kwenye jambo linalonifanya niandike. Mgonjwa anapofika huwa anataka dawa ya kuongeza. Mimi naanza kutafuta cha kuondoa, na pengo la kuziba. Pengo hilo mara nyingi ni madini ya chuma.

Ubongo unahitaji chuma ili dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza miondoko ya mwili, ifanye kazi yake sawasawa. Kwa wenye ugonjwa huu, chuma ndani ya ubongo huwa kidogo. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea: wanapimwa wingi wa damu, wanaambiwa uko sawa, wanarudi nyumbani. Wingi wa damu ni unga ulio jikoni. Akiba iliyo ghalani inapimwa kwa kipimo kingine, feritini. Unaweza kuwa na unga wa kutosha kwa ugali wa leo huku ghala likiwa limebaki na mahindi ya kufagia.

Tena hata feritini inasomwa vibaya. Karatasi ya maabara inaweza kuandika kwamba feritini ya 30 (nanogramu kwa mililita) ni kawaida, na kwa mtu mwingine ni kweli. Kwa mtu mzima mwenye miguu hii si kawaida. Mwongozo wa wataalamu wa usingizi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2025 unashauri kufikiria kuongeza chuma feritini ikiwa 75 au chini yake, na kwa chuma cha kudungwa kwenye mshipa, hata ikiwa kati ya 75 na 100. Pima asubuhi, na usimeze kidonge cha chuma kwa saa 24 kabla. Usipime ukiwa na homa au maambukizi, kwa sababu wakati huo feritini hupanda yenyewe na kulifanya ghala tupu lionekane limejaa.

Kwetu ghala hili lina panya wengi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Hedhi nzito, uzazi wa karibu karibu, minyoo ya safura, mlo usio na nyama, kula udongo wakati wa ujauzito: kila kimoja kinachota. Wachangiaji damu wa mara kwa mara nao wapime. Mwanamume, au mama aliyekwisha koma hedhi, akikutwa na chuma kidogo asiridhike na vidonge tu. Tunatafuta damu inavujia wapi, mara nyingi tumboni. Hapo nawakumbusha wanaotuliza miguu kwa diklofenaki, dawa ya maumivu, kila usiku: haiutibu ugonjwa huu, na ikitumiwa muda mrefu inaweza kuchubua tumbo na kuvujisha damu ile ile tunayoitafuta.

Chai nayo. Sisemi watu waache chai, nisingesikilizwa. Nasema isinywewe pamoja na maharage na mchicha, kwa sababu inazuia chuma cha mimea kufyonzwa. Ipe nafasi ya saa moja au zaidi, na kwenye mboga kamulia ndimu, au malizia kwa chungwa au pera, kwa kuwa vitamini C inafanya kinyume chake. Vidonge vya kuongeza damu navyo havimezwi kwa chai wala maziwa. Kuvimeza siku moja na kuruka moja kunatosha wagonjwa wengi, na tumbo linavivumilia zaidi. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Matokeo huchukua wiki kadhaa. Tunapima tena baada ya miezi mitatu hivi. Usianze kuvimeza bila kupima, hasa ukiwa na selimundu na umeongezewa damu mara nyingi, kwani chuma kinaweza kuwa kimezidi mwilini. Na vifungie mbali na watoto: vidonge vichache tu vinaweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo.

Baada ya chuma, nauliza dawa. Zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama klorofeniramini ambayo wengi wanaijua kwa jina la Piriton, au promethazini, zinaweza kuichochea miguu. Mtu hana usingizi, anameza kidonge cha mafua ili alale, miguu inazidi, kesho anameza viwili. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika imo kwenye kundi la wachochezi, vivyo hivyo amitriptilini, dawa nyingine nyingi za sonona, na haloperidoli ya magonjwa ya akili. Nasisitiza: dawa ya akili, ya sonona au nyingine uliyoandikiwa usiiache mwenyewe. Mweleze aliyekuandikia. Mara nyingi kuna nyingine ya kubadilisha, na wakati mwingine ile ile inafaa kuendelea kwa sababu ugonjwa inaoutibu ni mzito kuliko miguu.

Kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, pombe na sigara hutajwa sana. Kwa wengine ndivyo vinavyochochea, kwa wengine havina habari. Pombe inadanganya zaidi: inakuwahisha kulala, kisha usiku wa manane inakukabidhi kwa miguu. Kukosa usingizi kwenyewe kunaongeza shida, na anayekoroma huku akikatika pumzi apimwe, kwa sababu kutibu pumzi kunaweza kuituliza miguu.

Utajuaje lipi ni lako? Nunua daftari dogo. Kwa wiki mbili usibadilishe chochote. Andika tu saa miguu ilipoanza, ukali wake kati ya 0 na 10, ulichokula na kunywa tangu saa kumi jioni, dawa ulizomeza, na ulikaa kitako muda gani. Halafu badilisha kitu kimoja, wiki moja au mbili, uone. Kimoja tu. Chukulia fundi cherehani anayeketi tangu asubuhi, anakunywa chai ya rangi wakati wa chakula cha usiku, na anameza kidonge cha mafua kila akisikia vumbi la vitambaa. Akiacha vyote siku moja akapona, hatajua kama ni kidonge peke yake, na atajinyima chai bure maisha yake yote.

Usiku wenyewe, usishindane na miguu kwa kulala kimya. Inuka mapema, kabla haijapamba moto. Tembea, nyoosha vigimbi ukutani, sugua, weka miguu kwenye maji ya uvuguvugu. Wapo wanaopenda ya baridi. Kuishughulisha akili kunasaidia kuliko watu wanavyodhani: kusuka ukili, kucheza bao, hesabu za duka. Kazi za kukaa muda mrefu zifanye asubuhi, jioni fanya za kusimama na kutembea. Mazoezi ya wastani mchana ni mazuri, ila mazito ya usiku huamsha miguu. Kwenye basi la safari ndefu chukua siti ya kando ya njia, usione haya kusimama.

Yote haya yakishindwa, dawa zipo. Siku hizi tunaanza na gabapentini au pregabalini, dawa zinazotuliza mishipa ya fahamu, kwa tahadhari ya kizunguzungu, na kwa dozi ndogo kwa mwenye figo dhaifu. Zamani tulianza na dawa za dopamini kama levodopa na pramipeksoli. Zinafanya kazi haraka, jambo linalowafanya wagonjwa wazipende, lakini kwa miaka zinaweza kugeuka: miguu iliyokuwa ikianza saa tatu usiku inaanza saa tisa alasiri, kisha na mikono inafuata. Ukiona hivyo usiongeze kidonge, na usikiache ghafla, rudi kliniki. Pramipeksoli na ndugu zake zinaweza pia kumtia mtu hamu asiyoiweza ya kucheza kamari. Mzee aliyeanza kubeti akiwa na miaka 60 namuuliza kwanza anameza nini.

Mjamzito asikate tamaa. Karibu mmoja kati ya watano huipata hali hii, zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, na kwa wengi huisha ndani ya mwezi baada ya kujifungua. Apimwe chuma, asijitafutie dawa. Wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo nao waseme mapema, maana kukaa kwenye mashine kwa saa nne miguu ikiwa hivi ni mateso, na wapo wanaokatisha matibabu kwa ajili hiyo.

Siku ya kliniki, njoo na daftari, dawa zako zote kwenye mfuko, hata za mitishamba, na ukiweza njoo na unayelala naye. Wagonjwa wengi hurusha mateke usingizini bila kujua, na maswali ya saa nane usiku anayajibu yeye aliyepigwa.