Gari lako la zamani halihitaji mafuta ya ndege

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alifika karakanani kwangu, hapa Nyakato, Mwanza, akiendesha Datsun 240Z aliyoachiwa na baba yake mdogo. Nyuma ya viti alikuwa amefunga kwa kamba dumu la lita 20.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

"Mafuta ya ndege, fundi. Nimeambiwa gari hili lilitengenezewa mafuta makali, na haya ya kituoni yanalipunguzia nguvu."

Nilifungua kifuniko, nikanusa, kisha nikadondosha tone moja kwenye karatasi ya daftari, na pembeni yake tone la petroli ya kawaida. Tone la petroli lilikauka tukiwa tunalitazama. Tone la dumu lilitanuka polepole na kuacha duara la mafuta ambalo mpaka wakati wa chakula cha mchana bado lilikuwa linaonekana. Kijana alikuwa ameuziwa Jet A-1, mafuta ambayo ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa, kwa bei iliyozidi ya petroli. Nashukuru kwamba alipita kwangu kabla ya kuyamimina kwenye tangi, kwa sababu wa kabla yake hakupita, na pistoni zake mbili ninazo hapa kwenye rafu, zimetoboka juu kama zilizochomwa kwa msumari wa moto. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mdomo, gari baada ya gari, na ndiyo maana naliandika.

Kwanza, ndege zote hazinywi mafuta ya namna moja. Ndege za abiria tunazoziona zikitua uwanja wa Mwanza zina injini za tabini, nazo hutumia Jet A-1. Mafuta hayo katika injini ya plagi, kama ya gari la petroli, hugonga vibaya (kugonga nitakueleza hapa chini), hayageuki kuwa mvuke ipasavyo ndani ya kabureta, na sehemu isiyoungua huteremka kupitia kwenye ringi za pistoni hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi. Mafuta ambayo wapenzi wa magari ya kale wa Ulaya huyazungumzia ni mengine kabisa: ni petroli ya ndege ndogo za pistoni, iitwayo avgas 100LL, yenye rangi ya buluu. Hiyo ni petroli ya kweli, na oktani yake ni kubwa. Hata hiyo, gari lako halihitaji, na sababu yake ndiyo kiini cha makala hii.

Oktani si nguvu, wala si ukali, wala si kipimo cha kasi ya kuungua. Oktani ni uvumilivu wa petroli. Plagi inapotoa cheche, moto huanza pale na kusambaa kuelekea pembe za chumba cha kuunguzia. Mchanganyiko wa hewa na petroli ulio mbali na plagi, ambao haujafikiwa, hubanwa na kupashwa joto na ule unaoungua, na kama hauvumilii, hulipuka wenyewe kwa mkupuo mmoja kabla moto haujaufikia. Mlipuko huo ndio mlio tunaousikia kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo gari linapopanda mlima kwa gia kubwa, na ndio mafundi tunaouita kugonga. Petroli ya oktani 100 huvumilia kubanwa kuliko ya oktani 90. Hilo ndilo inalotupa, na halina ziada. Kilo moja ya petroli hubeba takribani megajuli 43 hadi 44 za nishati, na oktani kubwa haiongezi chochote juu ya hapo.

Nguvu hupatikana pale injini inapoutumia uvumilivu huo, ama kwa mgandamizo mkubwa, yaani kuubana mchanganyiko zaidi, ama kwa kusogeza taimingi mbele, yaani kuiwahisha cheche ya plagi. Injini ya L24 iliyomo kwenye Datsun ile, ya silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, ilitoka kiwandani ikiwa na mgandamizo wa takribani 9 kwa 1. Huo si mgandamizo wa kutisha. Ukiweza kuifikisha kwenye taimingi inayotoa nguvu ya juu kabisa bila kugonga, petroli yenye oktani kubwa zaidi ya hapo haina kazi tena ya kufanya. Utakuwa umelipia uvumilivu usiojaribiwa. Avgas, tena, ni nyepesi kidogo kuliko petroli nyingi za kituoni kwa kila lita, hivyo kabureta isiyobadilishwa jeti, kile kitundu kinachopima petroli, huipa injini mchanganyiko mkavu zaidi, wenye petroli pungufu, na gari huweza kupoteza nguvu badala ya kuzipata. Wenye magari huniambia kwamba wameisikia tofauti. Ninawaamini kwamba wamesikia kitu, lakini mara nyingi nikiangalia taimingi nakuta ilikuwa nyuma tangu mwanzo, au kwamba siku ile ile ya kubadilisha mafuta walibadilisha na plagi.

Jambo linalonikera kuliko yote ni namba zenyewe. Watu hushikilia namba moja, wakailinganisha na namba nyingine, bila kuuliza imepimwaje. Kuna RON (Research Octane Number) na kuna MON (Motor Octane Number), vipimo viwili vya oktani. Zote mbili hupimwa kwenye injini maalumu ya silinda moja ambayo mgandamizo wake unaweza kubadilishwa ikiwa inafanya kazi, na petroli hulinganishwa na mchanganyiko wa isooktani, iliyopewa 100, na heptani, iliyopewa 0. Kipimo cha RON huendeshwa kwa mizunguko 600 kwa dakika. Kile cha MON huendeshwa kwa mizunguko 900, na mchanganyiko hupashwa joto hadi nyuzi 149 za Selsiasi kabla ya kuingia, kwa hiyo namba yake karibu siku zote huwa ndogo. Marekani huandika kwenye pampu wastani wa hizo mbili. Kwa hiyo mtu anayesoma kitabu cha gari lililouzwa Marekani, akaona 91, akadhani kwamba petroli yenye RON 91 inatosha, amekosea kwa pointi nne au tano hivi. Waingereza nao walitumia nyota: kwa viwango vyao vya mwaka 1967, nyota mbili ilikuwa RON isiyopungua 90, nyota tatu 94, nyota nne 97 na nyota tano 100. Mwenye Jaguar au Cortina aanze kwa kutafsiri nyota hizo kabla ya kulalamika.

Na hata ukishajua RON, bado kuna jambo ambalo hutaliona kwenye kituo chochote. Petroli mbili zenye RON moja zinaweza kutofautiana katika MON, na injini ya kasi inayokimbia kwa mizunguko 5,500 ikiwa na joto kali huishi karibu zaidi na mazingira ya MON kuliko ya RON. Ndiyo maana gari linaweza kuwa kimya mjini, likapanda Mabatini bila kosa, kisha likaumia barabara ya Shinyanga likiwa limekanyagwa hadi mwisho. Hapo nakiri jambo ambalo vitabu hulipita haraka: masikio yangu hayanisaidii kwenye mizunguko mikubwa. Kelele ya injini na ya upepo huufunika mlio wa kugonga. Ninachokitegemea ni plagi. Nazitoa baada ya mbio ndefu na kuzima injini pale pale, kisha naangalia kauri nyeupe kwa kioo cha kukuzia. Nikiona vidoa vidogo mfano wa pilipili manga, au chembe zinazometa kama fedha, chembe hizo ni aluminiamu ya pistoni inayoondoka kidogo kidogo, hata kama dereva ananiapia kwamba gari halijawahi kugonga.

Sisi wa huku ziwani tuna bahati ambayo wengi hawaifahamu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa kwetu ni takribani kilopaskali 88, ilhali pwani ni 101. Silinda hujazwa hewa pungufu kwa zaidi ya asilimia kumi, na injini isiyo na tabo huhitaji oktani ndogo zaidi kuliko inavyohitaji ikiwa Dar es Salaam. Anayesema kwamba mafuta ya Mwanza hayafai kwa sababu gari lake lilikuwa na nguvu zaidi Tanga anailaumu petroli kwa kosa la hewa. Kabureta nayo, ikiwa imepimwa pwani, hapa hutoa mchanganyiko uliozidi petroli kwa asilimia tano au sita, na plagi huwa nyeusi. Punguza jeti kwanza, ndipo uzungumzie mafuta.

Ugumu uko kwenye safari ya kurudi chini. Ukiweka taimingi na jeti kwa ajili ya Mwanza, ukashuka hadi pwani, hewa inakuwa nzito, mchanganyiko unakuwa mkavu, na injini ambayo ilikuwa na nafasi ya kutosha inaanza kugonga. Hivyo ndivyo kanuni inavyosema, nami huifuata. Hata hivyo, nimeona magari mawili yaliyotulia kabisa pwani bila kuguswa. Unyevu wa hewa ya bahari hupunguza kugonga, na nadhani ndio ulioyaokoa, lakini sithubutu kumwambia mteja autegemee.

Kuhusu madini ya risasi nitasema kwa ufupi, isipokuwa sehemu moja. Risasi iligunduliwa kuwa dawa ya kugonga mwaka 1921 na Thomas Midgley wa General Motors, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa kwenye petroli kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Mbali na kupandisha oktani, iliacha utando ulioyalinda makalio ya valvu za ekzosi, yaani pale valvu zinapokalia zikifunga. Hofu ya kuikosa ni ya kweli kwa silindahedi za chuma cha kutupwa, kama zile za Cortina na Mini, ambako makalio yamechongwa kwenye chuma chenyewe. Silindahedi za aluminiamu, kama ya Datsun hii, zina makalio ya chuma yaliyopachikwa, na mwenyewe hana haja ya kupoteza usingizi. Kwa zile za chuma sijafikia uamuzi mmoja. Kuchonga silindahedi nzuri na kupachika makalio magumu ni kazi isiyorudi nyuma, na anayeendesha polepole hadi Capri Point siku ya Jumapili anaweza asiihitaji maisha yake yote. Ninachofanya ni kupima nafasi ya valvu kwa fila, kile kipimo cha mabapa membamba, kila anapokuja na kuiandika. Nafasi ya valvu za ekzosi ikiendelea kupungua kati ya safari moja na nyingine, valvu zinazama, na hapo ndipo tunachonga.

Wapo wanaoitaka avgas kwa ajili ya risasi hiyo hiyo. Lita moja ya 100LL inaweza kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi, wakati petroli ya mwisho ya nyota nne kule Uingereza iliruhusiwa 0.15. Katika karakana zetu vijana huosha mikono na vipuri kwa petroli, kisha hurudi nyumbani na kubeba watoto. Sitaki sumu hiyo kwangu, kwa bei yoyote ile.

Petroli inayostahili kuogopwa ni ile iliyochakachuliwa. Mafuta ya taa yakichanganywa kidogo tu, oktani hushuka kwa kiasi ambacho hakuna taimingi itakayokitibu. Vinasaba, alama zinazotiwa kwenye mafuta ili kubaini uchakachuaji, ambavyo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuvitumia mwaka 2010 vimesaidia, lakini mimi bado nanunua kwenye kituo chenye foleni ya daladala na malori, kwa kuwa mafuta yake hayalali. Usinunue kwenye mapipa ya mialoni, hata kama umeishiwa ukiwa njiani: mengi tayari yana oili ya injini za mitumbwi, na maji ya ziwa hayakosekani. Gari likikaa miezi mitatu bila kuendeshwa, sehemu nyepesi ya petroli hupaa na ile inayobaki huacha gundi kwenye jeti, kwa hiyo mwaga na utie mpya. Vidonge vya naftalini vya kabatini, ambavyo wengine hutia kwenye tangi wakitafuta oktani, acha kabatini. Dawa za chupa zinazodai kuongeza "pointi 30" mara nyingi humaanisha oktani 3, na nyingine huacha unga mwekundu kwenye plagi unaonizuia kuzisoma.

Datsun ya kijana niliitia petroli ya kituoni, nikakuta taimingi ya jumla ikiwa nyuzi 26, nikaipeleka 34, kisha tukaenda hadi Usagara na kurudi. Plagi zilitoka safi, rangi ya kahawa yenye maziwa. Dumu la Jet A-1 nimelinunua kwake kwa bei ya mafuta ya taa, maana linaosha vipuri vizuri. Mwezi ujao anashuka Dar es Salaam, kwa hiyo nimemchorea mistari miwili kwenye shingo ya distribyuta, ambako taimingi hurekebishwa: mweupe ni wa Mwanza, mwekundu uko nyuzi tatu nyuma yake, wa kuanzia Morogoro. Spana namba 10 nimemwekea kwenye droo ya mbele.